Tiketi ya Maili na Jicho la Refa

Mkono ulitua begani kwa Mama Maili, mzito, kama mkono wa mtu anayedai.

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu: foleni ya uwanja wa ndege, mabegi mawili, mzee wa miwani myeusi juu ya kiti cha magurudumu, na sauti nyuma ya kisogo ikisema, "Kumbe ni wewe!"

Mama Maili aligeuka.

Hakuwa askari. Hakuwa mtu wa benki. Alikuwa mwanamke mfupi wa blauzi ya maua, anakokota kibegi, wigi limemsogea nyuma kwa joto. Sura ile aliijua, ila hakujua aiweke wapi. Kuna watu huwatambui mpaka uwavishe sare.

"Hunikumbuki? Wewe si yule dada wa kadi imegoma?"

Kwa mawazo, Mama Maili alimvisha yule mwanamke gauni jeupe na saa ya kifuani, akamjua. Sista. Muuguzi wa wodi ya macho.

Kama wiki iliyopita gazeti lilikupita, ngoja nikupe kwa mkato kabla Sista hajafungua mdomo tena.

Mama Maili ni mnunuzi wa hoteli: shuka, sabuni, balbu, nyama, vyote vinapita kwake. Jina hilo walimpa wenzake kazini, maana hakuna anayekula mchana akalipa mwenyewe. "Nipeni taslimu, kadi yangu italipa," ndiyo salamu yake. Kila kadi inapogusa mashine, benki inamwekea pointi. Pointi zinageuka maili za shirika la ndege, maili zikijaa zinageuka tiketi. Analipa umeme wa jirani, matairi ya bosi, ada ya watoto wa mpangaji. Njia hizo anazijua kama panya anavyolijua ghala. Amekwishapanda ndege kwa nauli ambayo wewe na mimi tungeshindwa hata kufikia stendi, na hakuna wa kumwita mwizi, maana hakuiba.

Safari hii maili alikuwa anamkusanyia baba yake.

Mzee alichezesha mpira maisha yake yote, mpaka leo mtaa mzima unamwita Refa. Ana dada mmoja tu, yuko ng'ambo, na huyo dada ameanza kusahau watu. Amemsahau mumewe. Amewasahau majirani. Jina la kaka yake bado halijamtoka, lakini nani ajuaye la kesho?

Basi Alhamisi moja Refa akasema anaona pazia linashuka kwenye jicho la kulia. Daktari akamulika, akasema ngozi ya ndani ya jicho inabanduka, apasuliwe leo hii. Hela ilikuwepo: kaka mkubwa wa Mama Maili alikuwa ameshatuma taslimu. Lakini benki ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Jumatatu, malipo ya hospitali kwa kadi yatazaa maili maradufu. Na maili za tiketi mbili zilikuwa zimepelea kidogo tu. Kidogo tu!

Mama Maili akamwambia Sista dirishani, "Kadi imegoma, nitarudi nayo." Akamwambia baba yake, "Daktari wa kupasua amesafiri, atarudi Jumatatu."

Jumatatu kadi haikugoma. Daktari alipotoka kupasua, alivua barakoa, akasema: "Mngekuja siku ile ile ningewarudishia jicho zima. Sasa tuombe nusu."

Siri hiyo aliijua Mama Maili peke yake, na wewe msomaji. Sista aliijua nusu. Na sasa nusu hiyo ilikuwa imesimama mbele yake na wigi limeenda upande.

"Umenifananisha, dada," alisema Mama Maili.

"Nikufananishe na nani? Mtu alisimama dirishani kwangu anapepea kadi kama anapuliza jiko!"

"Nani huyo?" Refa aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Mteja wa hotelini, Baba."

"Mbona ana sauti ya wodini?"

Sista aliinama, akamtazama mzee, uso wote ukachanua. "Refa!"

"Sista wa Chai Baridi!"

Mzee alitia mkono mfuko wa shati. Humo, toka astaafu, hamkosi kipenga chake na kadi zake mbili. Wazee wenzake hubeba dawa. Alichomoa ya njano, akaiinua juu ya kichwa. "Hii ulipewa kwa kuchelewesha chai. Ukirudia, unatoka nje!"

Foleni ilicheka. Hata kijana mwenye koti la uwanjani, aliyeajiriwa kusukuma kile kiti, alicheka.

"Miaka yote mashabiki wananiita kipofu," Refa alimwambia. "Mwishowe nikaona nisibishane nao."

Foleni ikacheka zaidi. Mama Maili alitazama vigae vya sakafu. Toka mzee atoke hospitali, utani huo ulikuwa unamchoma palepale. Asubuhi ile ile alimwona akimimina chai nje ya kikombe, akauwahi mto wa chai kwa kitambaa kabla haujafika ukingoni mwa meza, ili mzee asijue. Mzee alikunywa robo kikombe, akasema, "Leo umetia sukari vizuri." Hakuwa ametia sukari kabisa.

Sista ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza.

"Refa, hapa mmepanga foleni ya nini?"

"Ya ndege. Au wanagawa unga?"

"Nani amewaruhusu?"

Hakusubiri jibu. Alishika mkono wa kushoto wa mzee, akapandisha mkono wa shati mpaka kiwikoni. Mkono mtupu. "Mkanda wa kijani tuliokufunga uko wapi?"

"Ulikatika nikioga," alisema Refa, akajifanya anatafuta kitu magotini.

Sista alimkamata Mama Maili kiganjani, akamvuta mpaka nyuma ya nguzo.

"Dada, una akili timamu?"

"Nimefanya nini?"

"Ndani ya jicho la baba yako kuna gesi. Povu. Daktari alilitia makusudi, ndilo linaloisukuma ile ngozi ishike mpaka ipone. Mwenye povu hapandi ndege! Ndege ikipaa, povu linavimba. Jicho litavimbia wapi?"

"Likivimba inakuwaje?"

"Linakufa. Na maumivu yake sikuombei uyasikie mkiwa juu ya mawingu."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Sista alimwachia mkono. Alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuchoma sindano.

"Nilikwambia mimi. Mlangoni pa wodi, siku ya kumtoa. Ulikuwa na simu sikioni. Ukatikisa kichwa, ukasema sawa, sawa."

Ilikuwa kweli, ndugu msomaji, na kweli hiyo ilimrudia na muziki wake. Siku ile watu wa shirika la ndege walikuwa wamemwambia asubiri, simu inampigia kinanda. Viti vya maili vilikuwa vimebaki viwili tu. Mbele yake midomo ya Sista ilikuwa inacheza. Ndipo kinanda kikakatika na sauti ikasema, "Tuwahifadhie?" Akajibu sawa, sawa. Kumbe alikuwa anawajibu watu wawili kwa neno moja.

Ungedhani hapo angechukua mabegi akageuka. Mwanadamu si mwepesi hivyo.

"Hilo povu linakaa muda gani?" aliuliza.

"Inategemea. Wengine wiki chache, wengine zaidi."

"Wiki chache zimeshapita. Labda limekwisha."

"Labda? Umemleta baba yako uwanja wa ndege na labda?"

"Huwezi kummulika kidogo tu? Hata na tochi ya simu?"

"Mimi si daktari, na hapa si kliniki!" Kisha Sista akashusha sauti. "Mwenye povu anaona mstari, kama maji ndani ya chupa. Akitikisa kichwa, unacheza. Muulize. Akiuona, hakuna mjadala. Na hata asipouona, daktari kwanza."

Kipaza sauti kikaita ndege nyingine, ya safari nyingine. Sista alishika kibegi chake.

"Hiyo ni yangu, naenda kumwoza mdogo wangu. Dada, mimi sikujui. Lakini Alhamisi ile niliwasubiri. Walifunga dirisha la malipo, nikawaambia wasizime taa, kuna mzee mmoja anakuja." Alivuta wigi likae sawa. "Usimpeleke."

Akaenda zake. Hakumshtaki, hakumtukana. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Mama Maili alirudi kwenye kiti cha baba yake, akachutama.

"Baba, hebu tikisa kichwa."

"Unanipima ulevi?"

"Tikisa tu. Unaona mstari? Kama maji ndani ya chupa?"

Refa alitikisa kichwa kulia, akatikisa kushoto, taratibu, kama mtu anayekataa pesa.

"Sioni mstari wala nukta. Kweupe! Twende, shangazi yako anasubiri."

Ahueni iliyomshukia Mama Maili ilikuwa tamu, na alijua ni ya haramu. Kwa nini hakumuuliza mara ya pili? Kwa nini hakumvua miwani amtazame? Alijiambia, mzee amesema mwenyewe. Akashika mabegi.

"Mteja wetu wa dhahabu!" Dada wa kaunta alitabasamu kwa meno yote. Wanaokusanya maili nyingi, shirika huwapa daraja, na Mama Maili alikuwa daraja la juu. "Karibuni. Nyinyi hamna foleni tena. Mtapita mlango ule pale, wa dhahabu, moja kwa moja mpaka ndani. Mzee atasukumwa."

Alibandika mabegi vibandiko vya rangi ya dhahabu. Mkanda wa mizigo ukayameza. Mashine ikatema pasi mbili za kupandia ndege.

"Nipe yangu nishike mwenyewe," alisema Refa. "Mimi si begi."

Akaipokea, akaisukuma ndani ya mfuko wa shati, pale penye kipenga na kadi. Mfuko ulikuwa umejaa. Pasi ilipoingia, kitu kingine kilitoka, kikadondoka juu ya kiatu cha binti yake.

Kilikuwa mkanda wa plastiki. Wa kijani.

Mama Maili aliuokota. Haukuwa umekatika. Ulikatwa, tena vizuri, na mikasi. Herufi zake nyeusi zilikuwa kubwa za kutosha hata kwa mtu wa jicho moja: GESI JICHONI. USIPANDE NDEGE.

"Baba. Huu ulikatika ukioga?"

Mzee alipapasa mfuko wake wa shati.

"Baba, bafuni kwetu kuna mikasi?"

"Kuna yako ya kucha," alisema Refa. "Butu. Inunulie mwenzake."

"Ule mstari unauona?"

"Naona bahari nzima, mwanangu. Nikitikisa kichwa inapiga mawimbi."

Mama Maili alipiga magoti palepale, mbele ya kaunta, mbele ya watu. Nyuma mtu alisonya. Mwingine akauliza kama ndege ni ya babu yao.

"Nani alikwambia maana ya huu mkanda?"

"Sista, alipokuwa anakwambia wewe. Si walinilaza kifudifudi ili povu likae mahali pake? Kitanda changu kilikuwa mlangoni. Mtu akilala kifudifudi, watu wanadhani na masikio yamelala. Niliyasikia na mengine."

"Yapi?"

"Kadi imegoma."

Maneno mawili tu.

"Masista walinisema juu ya kisogo changu. Eti binti yake alikuja Alhamisi, kadi ikamgomea, maskini. Maskini! Nikajiuliza, kadi ya huyu imegoma lini? Kadi hiyo hata ukiipitisha kwenye ufa wa mlango inalipa. Na kaka yako alikuwa amenipigia Alhamisi hiyo hiyo, anauliza kama hela imefika."

"Baba, nisa..."

"Tulia. Mchezaji haongei refa akiongea."

"Kwa nini hukuniambia? Siku zote hizi?"

Refa alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vimelala, kama anafungua njia kwenye majani marefu.

"Hii unaijua?"

Mama Maili alikuwa ameiona tangu utotoni, amekaa jukwaani na chupa ya maji ya baba yake mapajani. Alitikisa kichwa kukubali.

"Beki anampiga mshambuliaji kiatu cha ugoko. Faulo, kila mtu kaona. Lakini mpira bado uko mguuni mwa yule aliyepigwa, na goli liko wazi. Refa mwenye akili hapigi kipenga. Ananyoosha mikono hivi: mchezo uendelee. Mashabiki watasema kipofu huyo, hakuona. Ameona! Anasubiri tu mpira utoke nje. Ukitoka, anarudi kwa yule beki, hata kama zimepita dakika, anamtolea kadi yake." Alishusha mikono. "Nilikuona, mwanangu. Nikaacha mchezo uendelee, maana goli langu lilikuwa wazi. Asubuhi dada yangu ameniita jina langu kwenye simu. Akasema, mwambieni kaka asichelewe, mechi inaanza. Kesho ataniita nani?"

"Ungeniambia, tungetafuta njia nyingine!"

"Ipi? Ungejua habari ya povu, ungeniweka ndani mpaka likauke, na dada yangu angekauka nalo." Midomo ya mzee ilicheza kidogo, kama ya mtu anayeona haya. "Tena nikwambie jingine, ingawa si zuri. Nilijua mwenye hatia hanyimi kitu. Ulikuwa unanitafutia tiketi huku hunitazami usoni. Nikasema moyoni, huyu mwache hivyo hivyo. Akitua mzigo wake ataanza kuniuliza maswali."

Lo! Msomaji, umewahi kugundua kwamba dhambi yako uliyoificha kabatini, mwenzio ameshaivaa na kwenda nayo sokoni?

"Lakini jicho, Baba."

"Nusu jicho. Nusu jicho kwa dada mzima, biashara hiyo siikatai."

"Hilo nusu ndilo pekee nililokuachia!"

"Basi umeshaniachia. Ni langu."

Dada wa kaunta aligonga meza kwa kalamu. "Samahani, wapendwa. Mnasafiri au hamsafiri? Mlango unakaribia kufungwa."

Ilikuwa rahisi mno. Mzee mwenyewe anataka. Mzee ana akili zake. Nani atamlaumu binti aliyemtii baba yake? Angepanda ndege, akalie kiti chake cha bure, na jicho likifa huko juu, angekuwa na sababu nzuri ya kusema maisha yake yote.

Ila ladha ya sababu nzuri alikuwa anaijua. Hata Alhamisi ile alikuwa nayo. Si alikuwa anamtafutia mzee tiketi?

Akasimama. Akauweka mkanda wa kijani juu ya kaunta.

"Futa. Hatusafiri."

"Dada yangu, hizi ni tiketi za maili. Ukifuta saa hizi hazirudi."

"Najua."

"Na hizo chache zilizobaki zinakufa mwisho wa mwezi. Daraja lako litashuka. Una uhakika?"

Na hapo, Mungu amsamehe, kichwa chake kikaanza kupiga hesabu. Baba yake yuko nyuma yake na bahari jichoni, yeye anapiga hesabu: zikifa hizi, itachukua kodi ngapi za jirani, shuka ngapi za hoteli, chakula cha mchana mara ngapi. Alizisikia namba zinajipanga zenyewe, bila kuitwa, kama mbwa waliozoea sahani. Akaona aibu ambayo hakuiona hata mbele ya Sista.

"Futa!" alisema, kwa sauti iliyogeuza watu vichwa. "Futa kabla sijafikiri!"

Vidole vya dada wa kaunta vilikimbia juu ya vitufe. Kompyuta ililia mlio mdogo.

"Ya kwako nimeifuta. Nipe pasi ya mzee."

"Anayo mwenyewe, mfukoni."

Akageuka.

Pale palipokuwa na kiti cha magurudumu palikuwa na vigae tu.

"Baba?"

Watu wa foleni walimtazama. Yule aliyesonya ndiye aliyemjibu, kwa kidevu, akionyesha kule mbele. "Si wamepita? Mzee kamwambia kijana asukume haraka, eti wewe unamalizia malipo."

Mlango wa dhahabu! Mlango aliouhangaikia kwa kila balbu na kila kipande cha sabuni, usio na foleni, usio na maswali. Ulikuwa umemmeza baba yake bila hata kutafuna.

Alikimbia. Mlinzi akamwekea mkono kifuani.

"Pasi yako, mama."

Alifungua mdomo. Hakuwa na pasi. Alikuwa ametoka kuifuta mwenyewe.

Akarudi kaunta anahema. "Mfute! Mfute na yeye, upesi!"

"Haifutiki tena, imeshasomwa mlangoni. Dawa ni kupiga simu ndani wamzuie." Dada wa kaunta alikuwa ameshanyanyua simu, tabasamu la meno yote halipo. "Lakini nahitaji neno la mtu wake. Nimzuie?"

Nyuma ya ukuta wa kioo, mbali, Mama Maili alikiona kiti kinasogea, koti la kijana nyuma, kichwa cheupe cha baba yake mbele. Akimzuia, shangazi atamsahau kaka yake kabla povu halijakauka, na mzee hatamsamehe. Asipomzuia, jicho linakufa. Safari hii hapakuwa na maradufu ya kusubiri.

"Mzuie," alisema. "Ni mgonjwa. Mimi ni binti yake. Mzuie!"

Dada wa kaunta aliongea haraka kwenye simu. Kule ndani askari mmoja mwanamke alisogeza redio sikioni, akatembea, akainua mkono. Kiti kikasimama. Mama Maili aliona askari anainama kwa heshima, anamuuliza mzee jambo. Aliona mzee anajibu, mkono kifuani, mpole kabisa, kama mtu anayeelekezwa njia.

Mazungumzo hayakuwa marefu.

Dada wa kaunta alisikiliza. Akatazama kompyuta yake, akatazama tena. Akaziba simu kwa kiganja.

"Dada, tiketi yako nimeshaifuta. Kwenye mashine hapa mzee anaonekana anasafiri peke yake."

"Sasa?"

"Wamemuuliza kuhusu wewe. Anasema hakujui. Anasema yeye hana binti."

Nyuma ya kioo askari alirudi nyuma hatua, akapisha. Kiti kikaanza kwenda. Refa hakugeuka. Alinyoosha tu mikono yake miwili mbele, viganja vimelala, akaishikilia hivyo mpaka kona ikamficha.

Mchezo uendelee.